Baada ya Kusema Hayo

Nyumba za Wauguzi,
Jumatatu, 3 Juni

Na kuhusu ule mto, usinibishie tena, Masikio, maana ushahidi ninao kitandani. Mimi nimebaki na ulioshonwa MUME, wewe umeondoka na ulioshonwa MKE, na hukukosea kama ulivyodai kwenye simu kwa ile sauti yako ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Uliuiba. Haya, lala nao, uukumbatie, uusemeshe, lakini ujue umeshika pamba tu. Mwenyewe niko huku, nanusa mto wa mwanaume ambaye hajaulalia hata wiki.

Sharti lako la barua nimelikubali. Mwanzoni nilinuna. Nikasema, mwanaume gani huyu hataki simu ya mkewe? Kisha nikakumbuka ulivyoniambia, kwamba mchana kutwa unasikiliza sauti za watu wazima wakigombana, ukitoka hapo masikio yanavuma, na sauti yangu hutaki ichanganyike na zao, unataka uisome taratibu ukiwa peke yako. Niliposimulia hayo kwa Mama Pacha, muuguzi mwenzangu wa chumba cha pili, alishika kiuno akasema, "Shoga, huyo mume ulimwokota wapi, na wamebaki wangapi?"

Anakusalimu, shemeji yako huyo. Mumewe ni polisi wa mpakani, wewe unajua. Pacha walizaliwa yeye yuko huko, wameota meno yuko huko, sasa wanaongea na bado yuko huko. Wanamjua baba yao kama simu. Ikilia tu, wanakimbia kwa mama yao wakipiga kelele, "Baba analia! Baba analia!" Tunacheka, halafu tunaacha kucheka.

Ndiyo maana wodi nzima tunasikiliza huo muswada wenu wa wanandoa. Tumeelewa hivi: mtumishi wa serikali mwenye ndoa akiomba kupangiwa kazi mji mmoja na mwenzake, apewe, na mkubwa asiwe na hiari ya kukataa. Ijumaa tuliwasha redio tukianza kubadilisha mashuka. Akasimama mzee mmoja mwenye sauti nzito, kila baada ya maneno mawili anasema "kwa kifupi". Tumemaliza mashuka, tumegawa dawa, tumefunga vidonda, bado yuko kwenye maana ya neno "mtumishi". Lakini nimemsamehe, kwa sababu mwishoni alisema, "Baada ya kusema hayo, naunga mkono hoja." Wodi ikalipuka makofi. Mgonjwa wa mguu uliovunjika alipiga mpaka kitanda kikatembea.

Wewe uko palepale chini yao, unaandika kila neno linalowatoka. Niambie basi, muswada unapita lini? Nianze kufunga mizigo?

Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi. Nimeibusu, kwa hiyo ukiona pamelowa, si mvua.

Mkeo wa halali, mwenye cheti,
Sindano

*

Chumba cha Taarifa Rasmi, Bungeni,
Jumatano, 5 Juni

Sindano yangu,

Mto niliuiba. Nafuta kauli yangu ya awali na ninaomba radhi kwa kiti chako. Unanukia mafuta yako ya nywele, ila harufu inapungua kila asubuhi, nami nauvuta kwa uchoyo kama mtu anayemalizia chupa.

Mwambie mgonjwa wa mguu arudishe makofi yake. Mzee huyo, ambaye sisi waandishi tunamwita Kwa Kifupi, anaupinga muswada kwa moyo wake wote. Ndiye msemaji mkuu wa wapinzani wake. Hayo maneno ya mwisho hayana maana yoyote kwake. Hapa kila mheshimiwa akimaliza kusema hutamka "naunga mkono hoja" kama ninyi mnavyomwambia mtu aliyejikwaa "pole". Nimewahi kumwandika akiliita daraja fulani wizi mtupu, aibu ya taifa, kisha akaliunga mkono, akakaa.

Sasa nikueleze tunavyokwama. Kikao kinafungwa Ijumaa ya tarehe 21. Muswada usiopigiwa kura kufikia hapo unakufa, na kanuni zinakataza kuurudisha kabla ya mwaka kwisha. Kwa hiyo Kwa Kifupi hana haja ya kushinda. Anachohitaji ni kusema tu. Kanuni zinampa msemaji mkuu muda usio na kikomo, mradi awe amesimama, asirudie alichokwisha kusema na asitoke nje ya mada. Leo alishika neno "kituo", maana muswada unataja kituo cha kazi. Alisema, "Mheshimiwa Spika, kituo ni nini? Kuna kituo cha basi. Kuna kituo cha polisi. Kuna kituo cha redio. Na kuna kile kituo kinachowekwa mwisho wa sentensi." Jirani yangu mezani akaninong'oneza, "Hicho cha mwisho amekisikia tu, hajawahi kukiona."

Akichoka, wenzake wanampokea. Mmoja atasimama kuhusu utaratibu, alalamike kwamba mjumbe wa mbele amefunga tai vibaya. Kisha wote watatoka kwenda kunywa chai, akidi ivunjike, kengele igongwe, warudi mmojammoja wakitafuna. Na mjadala haufungwi mpaka hoja ya kuufunga iungwe mkono na angalau mjumbe mmoja wa upande wa pili. Kanuni hiyo iliwekwa ili walio wengi wasiwazibe mdomo walio wachache. Nilipoajiriwa niliisoma nikaiona nzuri mno. Bado naiona nzuri, ila imeshikwa na mikono michafu.

Utauliza wanapinga kwa nini. Na mimi nilijiuliza, mpaka nilipowapita kwenye korido. Kwa Kifupi alikuwa akisema, "Wakishapewa kama haki, nani atakuja kunisalimia nyumbani Jumapili?" Wote wakacheka. Kila uhamisho wa kuja mjini hupitia mkononi mwa mmoja wao, Sindano. Watu huja na barua zao, hupiga magoti, huondoka wakishukuru.

Nami narudi mezani, naandika. Sentensi zao zinakuja zimevunjika miguu, nazinyoosha. Ndiyo kazi: turekebishe sarufi, tusiguse maana.

Usifunge mizigo bado. Lakini nimekupimia mahali pa sanduku, chini ya dirisha.

Mumeo,
Masikio

*

Nyumba za Wauguzi,
Ijumaa, 7 Juni

Masikio wangu,

Nimeisoma barua yako kwa sauti kwenye chumba cha chai, nikiruka sehemu za mto maana hizo ni zangu. Vikombe vyote vilishuka mezani! Mgonjwa wa mguu anataka makofi yake, na amesema akipona atakwenda kuyachukua mwenyewe.

Hivi hawa watu wana mama zao? Mwanaume mzima, ameoga, amepaka mafuta, amefunga tai, anatoka nyumbani kwa gari la nchi kwenda kueleza kituo! Huku mgonjwa akitapika tunamwekea beseni. Ninyi mnamwekea kipaza sauti. Na akimaliza anapongezwa, anafutwa jasho, anaitwa Mheshimiwa. Nimeanza kuhisi kwamba neno hilo wanapewa kama sisi tunavyowapa wagonjwa pete ya karatasi mkononi, ili wasipotee, maana bila hilo nani angewatambua kuwa ni waheshimiwa?

Na hao wa tai! Kidonda kinanuka nchi nzima, wao wanabishana kuhusu tai.

Jumapili alikuja mke wa mwalimu mmoja kujifungua. Alishika mkono wangu badala ya mkono wa mumewe, akaniumiza vidole mpaka leo. Mumewe yuko safari ya basi ya siku nzima. Alipiga simu, akaambiwa ni mtoto wa kike, akauliza, "Anafanana na nani?" Mama akasema, "Njoo uone." Basi, hapo ndipo nilipomchukia Kwa Kifupi rasmi.

Tena nina neno na wewe, mpenzi. Hizo sentensi zao acha kuzinyoosha. Walizivunja wenyewe, waache wachechemee nazo mbele ya wajukuu zao. Mwandiko wako mzuri niandikie mimi. Niandikie jinsi ulivyonitazama siku ile nilipokuja kukuchoma ile dawa ya malaria, ukafumba macho kabla sijafungua hata pamba. Mwanaume mwoga kuliko wote wodini, nikasema moyoni, huyu ni wangu.

Dirisha lina pazia? Nipimie.

Wako kabisa,
Sindano

*

Bungeni,
Jumanne, 11 Juni

Sindano, kaa chini. Kama umeshika sindano ya kweli, iweke kwanza.

Leo mchana Kwa Kifupi alikuwa amefika kwenye neno "pamoja". Alisema, "Kuishi pamoja ni nini, Mheshimiwa Spika? Je, samaki na maji wanaishi pamoja? Kwa kifupi, ndiyo na hapana." Hapo Mwalimu akasimama. Mwalimu ndiye mwenye muswada, mama aliyefundisha shule ya msingi kabla ya kuchaguliwa, na mpaka leo huwatazama wenzake juu ya miwani kama anayetafuta aliyepiga mluzi. "Kuhusu utaratibu. Natoa hoja kwamba mjadala huu ufungwe."

Spika akauliza kama yupo wa upande wa pili wa kuiunga mkono. Hakuna aliyesimama. Mmoja akajikuna sikio. Spika akasema, "Basi hoja iko mezani, inasubiri. Mheshimiwa, endelea."

Kwa Kifupi hakuwa amesikia lolote. Tangu nimfahamu hajawahi kumsikiliza mtu mwingine. Mwenzake akisema, yeye hunywa maji na kupanga makaratasi. Akaendelea na samaki wake, mpaka aliyeketi nyuma yake akamvuta koti kumwashiria kwamba sasa anampokea. Akafunga makabrasha. Wenzake wakaanza kupiga meza kumpongeza. Naye, mkono mmoja tayari umeshika kiti, akasema kama asemavyo siku zote:

"Baada ya kusema hayo, naunga mkono hoja."

Akakaa.

Na mezani, mke wangu, palikuwa na hoja moja tu.

Mwalimu hata hakusimama. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Spika akasema polepole, "Hoja ya kufunga mjadala imetolewa, na imeungwa mkono na upande wa pili." Sijawahi kusikia Bunge likicheka vile. Hata wale wa upande wake, mmoja alijificha uso kwa karatasi, mabega yakimtikisika. Kwa Kifupi akaruka wima, "Nilisema siungi! Nilisema siungi mkono!" Kinasa sauti, kwa jinsi meza zilivyokuwa zikipigwa, kimenasa ngoma tupu. Basi Spika akasema kuanzia kesho kamati zinakutana, na Jumanne ijayo, tarehe 18, atasoma taarifa rasmi ndipo aamue. Ikisema "naunga", mjadala umefungwa na kura inapigwa palepale. Ikisema "siungi", Kwa Kifupi anaendelea na samaki hadi Ijumaa, na muswada unazikwa.

Aliyeketi chini, mbele ya meza yake, karibu kabisa, masikio wazi, ni mumeo. Nilisikia kila herufi.

Pazia halipo. Chagua rangi.

Masikio

*

Nyumba za Wauguzi,
Alhamisi, 13 Juni

Masikio wangu, sikio la kulia na sikio la kushoto, nakubusu yote mawili!

Tumecheka mpaka Matroni akaja kuuliza nani amefariki. Sasa huku hatuchomi mtu sindano bila kusema, "Baada ya kusema hayo." Mgonjwa wa mguu amerudisha makofi yake kwa hiari. Fikiria, miaka yote hiyo anasema asichokimaanisha, na siku moja, moja tu, mdomo wake umemfanyia nchi kazi bila yeye kujua! Kama mtu aliyekuwa akipiga miayo, mara akameza nzi.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni hili: nimehamishwa! Mimi! Hospitali kuu, huko mjini kwako, nianze kazi mwezi ujao! Matroni aliniita asubuhi hii, akafunga mlango, akaniambia kwa uso wake uleule wa chumvi. Nikamuuliza, "Ni ile sheria, Matroni?" Akasema, "Sheria gani? Hii ni simu ya mkubwa." Sikusubiri amalize. Nilimkumbatia. Matroni, mtu asiyekumbatiwa! Naona wameshajua hawana ujanja, wameanza kutekeleza kabla ya kura ili wasiaibike zaidi. Au siyo?

Nimetoka pale naruka kama ndama. Pazia liwe la njano. Nataka nikuamshe asubuhi kwa kukuvuta sikio. Nataka nigombane na wewe kuhusu chumvi. Nataka mito yetu ikae pamoja, MUME na MKE, kama ilivyoshonwa.

Mama Pacha aliposikia alikwenda kwa Matroni naye, akiwa amechana nywele kabisa. Akarudi upesi. Akasema jina lake bado. Nikamwambia liko njiani, ni foleni tu, dada. Akasema, "Ndiyo, foleni." Kisha akaingia uvunguni mwa kitanda, akatoa sanduku jipya, bado lina karatasi ndani. Alilinunua pacha walipozaliwa, siku alipoambiwa uhamisho wake utatoka "hivi karibuni". Akanipa. Akasema lisizeeke bila kupanda basi.

Nililipokea, Masikio. Nina furaha, lakini kila nikiliangalia lile sanduku nasikia kama nimevaa kiatu cha mtu.

Niandikie haraka unisherehekee.

Sindano yako ya mjini

*

Bungeni,
Jumamosi, 15 Juni

Mke wangu,

Nimefurahi kusikia habari zako. Chumba nimeshakipiga deki na nimeuliza bei ya pazia.

Kuhusu yale mengine, usiyafuatilie sana redioni. Mambo ya Bunge yana taratibu zake, na si kila kinachosikika ndicho kilichosemwa. Kelele zilikuwa nyingi. Mtu anaweza kukosea.

Nimechoka kidogo. Wewe njoo tu.

Mumeo

*

Nyumba za Wauguzi,
Jumapili, 16 Juni

Mumeo nani?

Ninaye mume mmoja, anaitwa Masikio, na barua yake ya Jumanne ninayo hapa: "Nilisikia kila herufi." Hii ya Jumamosi imeandikwa na karani fulani simjui. Haina utani hata mmoja. Haina mto. Sentensi zote zimenyooshwa.

Nilikwenda kwa Matroni, nikamuuliza ni mkubwa gani aliyempigia simu. Akanitajia. Nililiandika jina lake hapa kisha nikalikata, maana linachafua karatasi. Kwa kifupi, unamjua.

Nilikaa kwenye ngazi za stoo, nikahesabu moja baada ya jingine yaliyotokea, kama tunavyofundishwa kutafuta chanzo cha homa. Yeye anahitaji "siungi". Wewe ndiye mwandishi. Mimi ndiye bei.

Masikio, hivi umemwona huyo mtu alivyo mdogo? Amesimama mbele ya nchi nzima siku baada ya siku kueleza kwamba kumhamisha mke wa mtu haiwezekani. Nafasi hazipo, taratibu ni ndefu, serikali itayumba. Kumbe inawezekana kwa simu moja, chai yake ikiwa bado ya moto! Alichowanyima watu wote amekutupia wewe kwa kidole kimoja. Naye hakukutupia kwa wema. Alitaka akuone unainama kuokota. Akikuona umeinama, moyo wake unatulia, anajua dunia bado iko alivyoizoea. Simchukii tena. Ukimchukia mtu umempa cheo. Huyu ni mate yaliyodondoka kwenye tai.

Nimerudi kwa Matroni nikamwambia sihami. Akanishika paji la uso, akauliza kama nina homa. Nikasema homa ninayo tangu niolewe, ila sihami kwa simu ya yule. Kisha nikamrudishia Mama Pacha sanduku lake. Pacha mmoja aliingia ndani ya sanduku akakaa, akasema anakwenda kwa baba.

Nakutaka. Nakutaka mpaka naona haya mbele ya wagonjwa. Nalala kifudifudi juu ya neno MUME, naamka limejichora shavuni. Usifikiri nasema haya kwa sababu mimi ni jasiri. Nimelia kiasi kwamba Mama Pacha ameniletea beseni.

Lakini nikikuta umeandika "siungi", basi usiniandikie tena "nakupenda". Nitajuaje kama ndivyo ulivyosema, au kuna mtu alikupiga begani ukabadilisha?

Dereva nimemwomba akukabidhi hii mkononi kesho. Una asubuhi ya Jumanne.

Wako, kama bado wewe ni yule aliyesikia,
Sindano

*

Bungeni, chini,
Jumanne, 18 Juni

Sindano,

Niliandika "siungi".

Nakuambia hilo kwanza ili usilisome likiwa limevishwa nguo. Alikuja chumbani kwetu Jumatano, wenzangu wakiwa wametoka. Aliketi juu ya meza yangu kama baba mdogo. "Mwanangu," aliniita mwanangu, "masikio huchoka. Hata yangu huchoka." Akaniuliza kama nimeoa, mke anafanya kazi gani. "Muuguzi! Kazi ya baraka. Ila mbali, mbali." Hakuomba kitu, hakuahidi kitu. Alinipiga begani, akaondoka. Ijumaa mchana barua yako ikaniambia umehamishwa. Jioni yake nikafuta "naunga", nikajiambia narekebisha sarufi tu.

Barua yako ya Jumapili ilinifikia jana mchana. Dereva alinitazama akasema, "Bwana, mwenye hii amesema nikuangalie usoni ukiipokea." Akaniangalia kweli.

Leo asubuhi, kabla ya kikao, nilikwenda ofisini kwa Spika. Ni mama mtu mzima, hana maneno mengi, labda kwa sababu ya anayoyasikia. Ukurasa wangu ulikuwa mbele yake.

"Wewe ndiye uliyeandika 'siungi'?"

"Ndimi, Mheshimiwa."

"Unataka nini?"

"Naomba kufuta kauli. Alisema 'naunga'. Nilisikia."

Akaweka kalamu chini. "Una maslahi katika jambo hili?" Unajua kanuni zinamtaka kila mjumbe mwenye maslahi ayatangaze kabla ya kusema. Mimi si mjumbe, lakini nilisimama wima nikatangaza kama wao.

"Ninayo, Mheshimiwa. Nina mke. Muswada ukipita, nitaishi naye. Usipopita, ningeishi naye vilevile, kwa simu ya Mheshimiwa fulani, lakini mke amekataa. Kwa hiyo nilikuwa na maslahi pande zote mbili, na sasa nimebaki na lile neno tu."

Akachukua kalamu tena. Kisha akauliza, "Mkeo anafanya kazi gani?" Nikasema muuguzi. Akasema, "Inaonekana."

Kikao kilipoanza alisimama, akasoma: taarifa rasmi iliyosahihishwa na mwandishi wake inasema "naunga mkono hoja". Mjadala umefungwa. Kwa Kifupi akaruka, "Kuhusu utaratibu!" Spika akasema, "Mheshimiwa, kaa." Nami chini pale nikaandika kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuandika: (Akakaa.)

Kura zikapigwa. Umepita, Sindano. Hata baadhi ya wenzake waliupigia. Walipoona maji yameshamwagika, kila mmoja alitaka aonekane ndiye aliyeshika ndoo. Mmoja alisimama kutamka kwamba tangu mwanzo alikuwa na sisi wanandoa moyoni. Sheria itaanza kazi mwaka mpya.

Kwenye korido Kwa Kifupi alinipita karibu. "Utajuta, kijana." Sikumsikia vizuri. Kelele zilikuwa nyingi.

Spika ameniondoa ukumbini. Alisema mtu aliyefuta kauli akae kwanza mahali pasipo na kauli. Nimepelekwa chini, stoo ya makabrasha, na nadhani ni haki yangu. Pako kimya. Kimya hicho ndicho kilichonisumbua leo mchana kutwa, kwa sababu nilichokuwa nikikisikiliza ni kama utaniandikia tena.

Nakupenda. Ndivyo nilivyosema. Sikupigwa begani na mtu.

Masikio, kama jina hilo bado unaniruhusu

*

Nyumba za Wauguzi,
Alhamisi, 20 Juni

Masikio, Masikio, Masikio wangu!

Nimeliandika mara tatu ili ujue limepita bila kupingwa.

Sitasema hukunikera. Hiyo "siungi" yako nitakukumbusha siku ukiunguza wali, siku ukisahau kununua sabuni, na siku mjukuu wetu wa kwanza atakapooa. Lakini ulisema "niliandika" kwenye mstari wa kwanza, bila samaki, bila kituo cha basi. Kuna watu wamekaa Bungeni mpaka nywele zimeondoka na hawajawahi kusema sentensi fupi namna hiyo. Kisha ukasimama mbele ya yule mama ukanitangaza kama maslahi! Nimesoma hapo nikaangusha kidonge cha mgonjwa. Mimi ni maslahi ya mtu! Nimemwambia kila anayepita, hata mfagiaji. Matroni amesema, "Tumesikia," lakini alikuwa anacheka pembeni ya mdomo.

Tulisikia kura redioni. Mgonjwa wa mguu alijisahau akasimama wima, tukamrudisha kitandani kwa nguvu. Simu ya Mama Pacha ililia palepale, ni mumewe, kasikia huko mpakani. Alikuwa anaongea na kucheka kwa sauti mpaka tunamsikia sote. Pacha mdogo akasikiliza, macho yamemtoka. Badala ya kukimbia akamvuta mama yake nguo, akasema, "Mama, leo baba anacheka." Mama Pacha alikaa chini sakafuni, na sanduku likiwa pale wazi, akaanza kukunja nguo za watoto, moja moja, wakati mwaka mpya bado uko kule. Hakuna aliyemwambia angoje.

Kwa Kifupi nimemsikia jioni akihojiwa. Alisema yeye ndiye aliyeunga mkono mjadala ufungwe, na nchi imshukuru. Nilicheka mpaka nikajihurumia. Mwache aseme. Mwaka mpya ukianza, Jumapili itafika, atakaa sebuleni na shati lake la kupokelea watu, na mlango hautabishwa.

Nami sitangoja mwaka mpya kukuona. Nimeomba ruhusa, Matroni amenipa siku chache na akasema nisirudi na homa nyingine. Natoa hoja: kitanda kimoja, mito miwili, pazia la njano. Usiijadili, usiulize maana ya neno "pamoja", usiende kunywa chai. Ufute vumbi la hayo makabrasha masikioni, ukae pale stendi ukiangalia kila basi, na usiniletee maua, niletee mto wangu. Wa kwako nitaubeba kifuani, njia nzima, abiria wote wasome kilichoandikwa. Baada ya kusema hayo, mume wangu, nitakuwa mlangoni kwako kabla mwezi huu haujaisha.

Maslahi yako,
Sindano